Mwache Akorome

Ukitaka kumwona Edah Nabwile akibadilika sura, mwambie tu kwamba mgonjwa amelala.

Ni mhudumu wa ambulensi ya kampuni moja ndogo mjini Kitale, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuongozea nyimbo. Alizaliwa upande wa Lugulu, kule Bungoma, ila kwa miaka mingi sasa amepanga nyumba mtaa wa Tuwan. Damu haimtishi. Malori yaliyobinuka na mahindi yake barabarani hayamtishi. Hata wale walevi wanaotapikia viatu vyake hawamtoi maneno makali. Lakini afike mahali, amkute mtu amelegea kama nguo mbichi, kisha jirani amtazame machoni na kusema, "Hakuna shida daktari, amelala tu," hapo ndipo dereva wake Kagwe hushuka haraka kwenda kufungua mlango wa nyuma, asisikie yatakayofuata.

Hasira hiyo ina chanzo chake. Kulikuwa na fundi wa kuchomelea milango pale Tuwan, jina lake Ngari, kijana mpole aliyejulikana na watu wengi. Siku moja alikunywa pombe, akaongeza na vidonge alivyonunua kwa mtu. Marafiki zake hawakumtupa, maana ni watu wema. Walimlaza chali, wakampa mto mkubwa, wakamfunika blanketi, wakafunga mlango polepole wasimsumbue. Alikoroma kwa muda mrefu, na wao kule nje wakachekeshwa na ile sauti. Ilipokoma wakasema afadhali, sasa ametulia. Nabwile alipofika alikuta mwili umepoa, mto bado uko chini ya kichwa, kidevu kimegandamizwa kifuani.

"Lakini alikuwa anapumua," rafiki mmoja alimwambia, machozi yakimtoka. "Si tulikuwa tunamsikia? Alikuwa anakoroma poa."

Tangu siku hiyo Nabwile amegeuka mhubiri wa jambo moja. Anasema makanisani, kwenye vyama vya akina mama, kwenye steji za bodaboda: mtu umemwita haitiki, umemfinya hashtuki, halafu anakoroma, huyo hajalala. Ulimi umelegea, umeziba njia, na ile unayoisikia ni hewa inayogombania mlango. Mlaze ubavu, inua kidevu, usimpe kitu chochote mdomoni, tafuta gari. Ni maneno ambayo hata mtoto wa darasa la tatu angeyabeba mpaka nyumbani bila kuyamwaga. Watu humsikiliza kwa adabu, hutikisa vichwa, hupiga makofi. Akiuliza kama kuna swali, hakuna swali. Alipofundisha kwenye kanisa la Marafiki (Quaker) kule kwao Lugulu, mkono mmoja tu uliinuliwa, wa mzee aliyetaka kujua kama gari lile linaweza kubeba kwaya kwenda Kimilili. Nabwile alirudi Kitale siku hiyo bila kula chakula cha watu.

Na maziwa. Tukizungumza habari zake hatuwezi kuyaacha maziwa. Sijui ni nani aliyewafundisha watu wa kwetu kwamba maziwa huua sumu, lakini alifundisha vizuri kuliko Nabwile. Mtu akizirai, hata kabla jina lake halijaitwa mara mbili, tayari kuna mama anakuja mbio na kikombe.

Sasa Alhamisi moja mchana, Nabwile na Kagwe walikuwa wameegesha gari karibu na barabara kuu wakisubiri kuitwa. Mvua ya asubuhi ilikuwa imekatika. Kagwe alikuwa anafuta kioo, kazi anayoipenda kupita kiasi, na Nabwile anamalizia chapati, simu yake ikalia. Ni mama yake.

"Edah, mulembe. Uko na nafasi?"

"Mulembe, mayi. Niko kazi, lakini sema."

"Ni hii maneno ya kumaliza matanga ya senge yako. Watu wanauriza kama utareta ile sufuria kubwa."

Huyo mama, herufi za l na r kwake ni wageni wanaobadilishana viti. Watoto wake walizoea zamani. Nabwile akaanza kueleza kwamba sufuria hiyo ya matanga ya shangazi yake amemwazima mtu, kisha akanyamaza. Nyuma ya sauti ya mama yake kulikuwa na sauti nyingine, nzito, kama mtu anayeburuta meza kwenye sakafu ya simiti.

"Mayi, hiyo inalia huko ndani ni nini?"

"Inaria wapi? Ah, hiyo ni Eriakim. Alitoka matanga asubuhi, akaanguka tu hapo kwa kiti. Amerara. Anakoloma mpaka kuku zimetoka nje."

Eliakim ni ndugu yake anayemfuata kwa kuzaliwa, mpakiaji wa magunia ya mahindi, mtu wa utani mwingi na mgongo mbovu. Nabwile aliweka chapati chini. Aliisikiliza ile meza ikiburutwa, ikakatika, kukawa kimya. Kimya kikaendelea. Kikaendelea mpaka akajikuta na yeye amebana pumzi. Kisha meza ikaburutwa tena, fupi zaidi.

"Mayi, mwamshe."

"Wacha mtoto apumzike. Alichimba kaburi yeye mwenyewe."

"Nimesema mwamshe! Mwite. Mfinye hapa juu ya bega, mfinye sana."

Mama aliguna, kwa sababu hakuna mama anayependa kuamrishwa na aliyemzaa. Lakini alikwenda. Nabwile alimsikia akiita, kwanza kwa utani, kisha kwa jina lote, kisha kwa jina la utani la utotoni ambalo hakuna aliyelitumia tangu Eliakim aote ndevu. Aliporudi kwenye simu sauti yake ilikuwa imepungua.

"Edah. Mwiri iko hapa, lakini yeye hayuko."

"Sawa. Sikiliza, mayi. Mtoe kwa kiti, mlaze chini, umgeuze ubavu, kama vile nilionyesha kanisani..."

"Ngoja. Kuna maziwa ya asubuhi."

"Hapana! Mayi, hapana maziwa. Mayi!"

Simu ilikuwa imekwisha kuwekwa mezani.

Watu husema hakuna jambo baya kama kutokuwepo. Nabwile siku ile angewabishia, maana yeye alikuwepo. Masikio yake yalikuwepo nyumbani kwao, na hayo tu ndiyo yaliyokuwepo. Alisikia kabati likifunguliwa. Alisikia kikombe kikigonga kitu, labda meno. Alisikia mama yake akibembeleza, "Kunywa baba, kunywa kidogo," na ndugu yake akigugumia kama sinki lililoziba. Alipiga kelele kwenye simu mpaka wauza mitumba ng'ambo ya barabara wakageuka. Ndani yake alikuwa amejaa mikono na mikono ile haikuwa na pa kwenda.

Kagwe alikuwa ameshawasha gari. "Twende?"

Lakini msimamizi wao alikuwa kwenye simu ya Kagwe wakati huohuo, akiwaambia wakae tayari, kuna mama anavuja damu upande wa Kiminini na gari ni hilo moja tu. Na hata wangeondoka, kufika kule kwao ni zaidi ya saa nzima, na Eliakim hakuwa na saa nzima. Kagwe alipiga upande wa Bungoma. Gari lililokuwa karibu lilikuwa limetoka na mzazi wa mapacha. Hapo hata wa kumlaumu hayupo, na hilo lilimkera Nabwile kuliko yote.

"Haro?" Sauti mpya kwenye simu, ya mwanamke anayehema. "Nani anapiga kelele hivi?"

Ilikuwa sauti ya Viola, mke wa Eliakim. Alikuwa shambani, amemnunia mumewe tangu asubuhi, akasikia kelele za simu dirishani. Yeye na Nabwile walikuwa hawasemezani vizuri. Wakati wa Krismasi Nabwile alimwambia mbele ya watu kwamba vile vidonge vya mgongo anavyomeza Eliakim vinammeza yeye, na kwamba mke mwenye macho angeona. Viola alijibu kwamba wa Kitale wapone huko Kitale kwanza. Yaliishia hapo.

"Viola, mama amempa maziwa?"

"Amempa. Imemwagika mingi, ingine imeingia."

"Mgeuze ubavu sasa hivi, mdomo uangalie chini, hayo maziwa yatoke. Weka simu kwa spika. Umemgeuza?"

"Nageuza. Ni mzito." Kishindo. "Imetoka. Imetoka mingi."

"Alikunywa nini?"

Viola akasema, kwa sauti ya mtu anayejibu mbele ya watu, "Ni malaria. Amekuwa na malaria hii wiki yote."

Nabwile alifumba macho. Alijua mama yao alikuwa amesimama pale pale. Mama wa vazi la kanisa, ambaye hajawahi kuruhusu pombe ya busaa kupita mlango wake.

"Viola. Mimi sio pasta."

"Ni malaria, Edah."

"Mimi sio pasta, na mimi sio mama mkwe. Madaktari watauliza hivyo hivyo, na ukiwaambia malaria watapoteza wakati wakitafuta malaria. Alikunywa nini?"

Viola alivuta kamasi. "Zile za mgongo," akasema kwa sauti ya chini. "Karatasi iko kwa mfuko wa suruali, imeisha yote. Na kwa matanga walikuwa na chang'aa."

Nyuma yake mama alisema neno moja tu la Kibukusu, lile la kumwita Mungu aangalie.

"Asante. Weka hiyo karatasi kwa blausi yako, usiiache. Sasa angalia kifua. Kinapanda?"

"Kinapanda... kimekataa. Edah, kimekataa. Midomo inakuwa kama ya mtu amekula zambarau."

Basi Nabwile akamwambia la kufanya. Mlaze chali. Ondoa mto. Inua kidevu kichwa kirudi nyuma. Bana pua. Funika mdomo wake wote kwa mdomo wako, upulize mpaka kifua kiinuke, uache kishuke, upulize tena.

Hakuna kilichosikika.

"Viola? Puliza."

"Mama yuko hapa," Viola akanong'ona.

Kwa mtu wa mbali hilo halina maana, lakini kwa watu wale lina maana nzito. Viola ameolewa katika boma lile zaidi ya miaka kumi na hajawahi kumshika mumewe mkono mbele ya mama mkwe. Akimpelekea chakula, sahani huwekwa mezani, si mkononi. Sasa aambiwe amkalie mumewe kwenye sakafu ya sebule ya mama mkwe, mdomo kwa mdomo, mchana, mlango wazi. Nabwile alilijua hilo kama anavyolijua jina lake, na bado alihisi kama angeweza kuipasua simu ile kwa meno. Ndugu yake anakufa kwa adabu.

"Mayi!" akaita. "Mayi, nisikie. Toka hapo ndani. Enda uite jirani Mukhwana alete gari yake, ile Probox. Kimbia. Usirudi bila Mukhwana."

Mama alielewa, au labda alishukuru kupata sababu ya kuondoa macho yake mle ndani. Akatoka. Ndipo Nabwile akasikia pumzi ya kwanza ikiingia, ndefu, yenye kutetemeka, kisha Viola akikohoa ladha ya maziwa na chang'aa, kisha ya pili.

"Kimepanda," Viola alisema. "Edah, kimepanda."

"Usiongee na mimi. Puliza."

Kagwe akagusa bega la Nabwile. Wameitwa Kiminini. Kwa hiyo ambulensi ikaondoka Kitale king'ora kikilia, kwenda kwa mgonjwa mwingine, na mhudumu wake kiti cha mbele ameshika simu kwa mikono miwili akisema "puliza, puliza" mpaka mtandao ukakatika kwenye bonde. Baada ya hapo hakujua lolote. Alimhudumia yule mama wa Kiminini vizuri, kwa mikono iliyokuwa imeona kazi, na watu wa pale walimsifu kwa utulivu wake. Hawakujua kwamba hakuwa ametulia, alikuwa amekasirika kupita mahali ambapo sauti hutoka.

Mukhwana alikunja viti vya nyuma vya Probox yake. Viola alipanda kule nyuma kwenye vumbi la mahindi na akapuliza njia nzima, kwenye kila shimo la barabara ile, mpaka hospitali ya misheni Lugulu. Aliwapa karatasi ya vidonge kabla ya kuulizwa. Walimpa Eliakim hewa, wakamdunga sindano ya kuondoa nguvu ya dawa zile, ile ambayo gari la Nabwile halina na kila mara anaambiwa inakuja. Muda si mrefu Eliakim alifungua macho, akauliza ni nani amemvua viatu.

Alikaa wodini muda mrefu. Si kwa sababu ya vidonge, hivyo vilikuwa vimekwisha. Ni maziwa. Yalikuwa yameingia mapafuni, yakaleta nimonia, na nusura yammalize wakati kila mtu amekwisha kushangilia. Daktari alimweleza mama jambo hilo polepole, kwa Kiswahili na kwa Kibukusu. Mama alimsikiliza kwa makini. Akamshukuru. Kesho yake akaja wodini na chupa ya maziwa ya moto.

Eliakim alipopona, akiwa amekonda na ameanza kwenda kliniki kwa ajili ya vile vidonge, familia ilipeleka shukrani kanisani. Nabwile aliomba ruhusa kazini akaja, na Kagwe akaja naye kwa sababu alisikia kutakuwa na kuku. Kanisa lilijaa. Mama alisimama mbele na vazi lake jeupe na akashuhudia vizuri sana, kwa kupanda na kushuka, watu wakimwitikia. Alisema shetani alikuja nyumbani kwake kwa njia ya malaria kali. Alisema mtoto alikuwa amekwenda kabisa. Alisema Bwana alimwonyesha maziwa.

"Kikombe moja tu ya maziwa," mama akasema, "na leo mnamwona anatembea."

Kanisa likasema amina. Benchi la akina mama likasema amina mara mbili. Nabwile aliwatazama mmoja mmoja, akaona kila mmoja akikiweka kikombe kile mahali salama kichwani kwa siku ya haja. Aligeuka akamtafuta Viola. Viola alikuwa ameketi nyuma kabisa, anachezea ukingo wa leso. Hakuna aliyemtaja. Nani angesimama mbele ya madhabahu kueleza midomo ya Viola ilikuwa wapi?

Nabwile alisimama bila kuitwa. Kumwaibisha mama yake kanisani hakuweza, na kunyamaza pia hakuweza. Akasema, kwa adabu yote aliyokuwa nayo, kwamba kabla ya sala angeomba mama aonyeshe watu jinsi ya kumlaza mgonjwa, kwa kuwa mtu akijaliwa muujiza ni vizuri awafundishe wengine. Eliakim, aliyeijua hasira ya dada yake, alilala chini sakafuni pale mbele bila kubishana, akaanza kukoroma. Watu wakacheka.

Na mama akafanya. Alipiga magoti na vazi lake jeupe, akamwita, akamfinya bega, akamgeuza ubavu, akakunja goti la juu, akainua kidevu mdomo ukaangalia chini. Kila kitu mahali pake. Kumbe mama yake alikuwa amesikia yote, siku ile ya mafundisho na siku zote.

Mama akainua uso, mkono bado kwenye kidevu cha mwanawe, akawaambia akina mama, "Akishakaa hivi sawasawa, sasa ndio unampa maziwa."

Nabwile aliketi. Miaka yote hiyo, Ngari na mto wake, koo lililokauka, steji kwa steji, halafu maziwa. Alitaka kucheka na alitaka kulia na hakuwa na nguvu ya hata moja.

Ndipo akasikia benchi la nyuma likisukumwa. Viola alikuwa amesimama. Alitazama chini wakati wote aliposema, lakini alisema kwa sauti.

"Maziwa ilimwingia kwa kifua. Hiyo ndiyo ilimlaza hospitali. Na haikuwa malaria." Akameza mate. "Alikuwa amewacha kupumua. Mimi ndio nilimpulizia. Kwa mdomo. Kutoka pale nyumbani mpaka Lugulu."

Mama aliondoa mkono wake kidevuni kwa Eliakim na akageuza uso ukutani, kama alivyotoka mlangoni siku ile. Pasta aliangalia Biblia yake. Hata Kagwe, ambaye si wa kanisa lile wala wa kabila lile, aliangalia viatu vyake. Viola alibaki amesimama peke yake, leso imekunjika mkononi.

Kisha bibi mmoja wa benchi la mbele, mzee kuliko wote, mwenye mkongojo, akageuka nusu akamtazama Nabwile.

"Sasa hapo kwa mdomo," akauliza, "pua mnaifanya nini?"